Mlango wa Kijani wa Logan Place

Jioni ya Septemba 6, 2023, nyumba ya mnada ya Sotheby's jijini London ilijaa pomoni. Vitu vya marehemu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, vilikuwa vinauzwa: piano yake, makoti yake ya jukwaani, karatasi alizoandikia nyimbo kwa mkono wake, hata vyombo vya mezani na taa za sebuleni. Miongoni mwa vitu vya mwanzo kunadiwa ulikuwa mlango wa mbao wenye rangi ya kijani, uliong'olewa kwenye ukuta wa bustani ya nyumba yake, Garden Lodge, mtaa wa Logan Place, Kensington. Mlango wenyewe ni wa kawaida kabisa. Hauna nakshi, hauna misumari ya shaba, na umechakaa kiasi kwamba seremala angeshauri ununuliwe mwingine. Uliuzwa kwa pauni 412,750.

Kilichoupa bei hiyo ni maandishi. Kwa miaka mingi baada ya mwenye nyumba kufariki, wapenzi wa Queen walifika pale kutoka pembe zote za dunia, na wengi hawakuondoka bila kuacha neno: jina, tarehe, moyo uliochorwa, shukrani kwa lugha ambazo Freddie mwenyewe hakuzijua. Mvua ilipofuta wino, mwingine aliandika palepale. Katika vitu zaidi ya elfu moja vilivyouzwa mwezi ule, vyote vilikuwa vimeguswa na mkono wa Freddie au kuchaguliwa na jicho lake. Huu mmoja ulikuwa na mkono wa mashabiki. Piano aliyotungia nyimbo zake kubwa ilifika pauni milioni 1.7, nayo ilistahili. Lakini ningeambiwa nichague, ningeuchukua mlango, kwa sababu ndani ya zile mbao imo habari ambayo piano haiwezi kuisimulia: habari ya bendi iliyowafungulia watu wake, na watu wakakataa kuondoka.

Habari hiyo inaanzia katika mji ambao milango yake inajulikana dunia nzima. Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Waingereza. Mama yake akiitwa Jer. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta ambao wahenga wao walihama Uajemi karne nyingi nyuma. Alipofika umri wa miaka minane hivi, wazazi walimpeleka bweni India, katika shule ya St. Peter's kule Panchgani. Huko ndiko alikojifunza piano na kuunda bendi yake ya kwanza na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa kijana. Hakukaa muda mrefu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipotokea, familia ilifunga mizigo na kwenda Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17.

Mengine yanajulikana na nitayapitia haraka. Alisoma sanaa ya uchoraji na usanifu katika chuo cha Ealing, akauza nguo za mitumba za mtindo katika soko la Kensington, na mwaka 1970 akajiunga na vijana wawili ambao bendi yao ilikuwa imevunjika: Brian May, mpiga gitaa aliyekuwa akisoma fizikia ya nyota, na Roger Taylor, mpiga drams. Freddie ndiye aliyechagua jina la Queen, ndiye aliyeichorea bendi nembo yake, na ndiye aliyejipa jina la Mercury. Mwaka 1971 akaja John Deacon, mpiga besi, kijana mpole asiye na maneno mengi. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Mwaka 1975 ukatoka wimbo wa “Bohemian Rhapsody”, wenye urefu wa karibu dakika sita, usio na kiitikio, ambao watu wa biashara ya muziki waliuona mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliupiga mara 14 katika mwisho wa juma mmoja. Wasikilizaji wakafurika madukani wakitaka santuri ambayo haijaanza kuuzwa. Ulipotoka ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa.

Katikati ya wimbo huo linasikika neno Bismillah, likiimbwa na kurudiwa kwa sauti nyingi zilizopandana. Mtoto wa Mji Mkongwe, awe wa dini gani, analisikia neno hilo kila siku ya Mungu: mlangoni, mezani, mtu anaponyanyua mzigo. Mwaka 2004, mkusanyiko wa nyimbo za Queen uliporuhusiwa rasmi kuuzwa Iran, kanda ile ilikuwa na kijikaratasi cha kuwaeleza wasikilizaji maana ya wimbo huo. Hivyo sauti ya mjukuu wa watu waliohama Uajemi ilirudi kule, kwa ruhusa ya serikali, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake.

Lakini usiku ambao kwa maoni yangu ulibadilisha uhusiano wa Queen na mashabiki wake hauna uhusiano na wimbo huo. Ni usiku wa Mei 1977, katika ukumbi wa Bingley Hall mjini Stafford, ukumbi mkubwa wa maonyesho ya mifugo. Bendi ilipiga nyimbo zake, ikaaga, ikaingia nyuma ya jukwaa. Watu hawakutoka. Hawakupiga kelele za kudai nyongeza kama ilivyo kawaida. Walianza kuimba, wote kwa pamoja, wimbo ambao mashabiki wa mpira wa Liverpool huuimba uwanjani. Brian May amesimulia mara nyingi jinsi jambo hilo lilivyomgusa. Siku zile wanamuziki wa roki walipenda kusikilizwa. Mtu aliyeimba kwa sauti kuliko spika alionekana msumbufu. May akalala na swali: watu hawa wamebanana, hawawezi kucheza, mikono na miguu tu ndiyo wanayo. Wafanye nini?

Jibu lilikuwa “We Will Rock You”: vishindo viwili vya mguu na kofi moja, basi. Waliurekodi katika studio za Wessex, kaskazini mwa London, jengo lililokuwa mali ya kanisa. Waliokota mbao za zamani zilizokuwa humo, wakazikanyaga kwa pamoja, wakarudia mara nyingi. May hakutaka isikike kama watu wachache wenye mwangwi. Alitaka lisikike kundi kubwa. Akiwa mtu wa fizikia, alizirudia sauti zile kwa kuzichelewesha katika vipimo vinavyofuata namba tasa, ili kofi moja lisidondokee juu ya jingine. Ukiusikiliza wimbo huo kwa makini utagundua kwamba hauna drams, hauna besi, na gitaa linakuja mwishoni tu. Nafasi yote iliyobaki wameachiwa watu.

Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa. Ngoma zetu zimejengwa hivyo: manju anatoa, waitikiaji wanapokea, na asiyeitikia anaharibu. Kwenye roki ya Kiingereza ya mwaka 1977 lilikuwa jambo geni. Freddie naye, kwa upande wake, alikuwa ameandika “We Are the Champions” kwa nia ileile, na nyimbo hizo mbili zikatolewa pande mbili za santuri moja. Picha za video ya wimbo wa Freddie zilipigwa Oktoba mwaka huo katika New London Theatre, na wale unaowaona wakipunga mikono hawakuwa waigizaji wa kukodi. Walikuwa wanachama wa klabu ya mashabiki, walioitwa kwa barua. Kazi ilipokwisha, bendi haikuwaacha waende hivihivi. Ilibaki jukwaani ikawapigia.

Klabu hiyo inastahili kusemwa zaidi ya ilivyozoeleka. Ilianzishwa Queen ikiwa bado bendi changa, ikaendelea bila kukatika, na kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa klabu ya mashabiki wa bendi ya roki iliyodumu muda mrefu kuliko zote. Kazi yake kwa miongo mingi ilikuwa ya bahasha na stempu: jarida kila baada ya miezi kadhaa, barua za wanabendi kwa wanachama, na mkutano wa kila mwaka ambako watu hukaa pamoja siku kadhaa wakiimba, wakitazama filamu za maonyesho ya zamani, na kuonana na wenzao wa mwaka uliopita. Na kila bendi ilipohitaji umati, iligonga mlango wa klabu kwanza. Video ya “Radio Ga Ga”, iliyopigwa mwishoni mwa 1983 katika studio za Shepperton, ina safu za watu wenye mavazi meupe wanaoinua mikono juu na kupiga makofi mawili kwa mpigo mmoja. Hao pia ni wanachama. Makofi yale yaliyofundishwa studioni kwa siku moja au mbili ndiyo yaliyokuja kuonekana katika uwanja wa Wembley mwaka 1985.

Nje ya Uingereza hali ilikuwa hivyohivyo, wakati mwingine kwa joto kubwa zaidi. Walipotua Tokyo mwaka 1975 walikuta uwanja wa ndege umejaa wasichana wanaolia, ilhali Marekani walikuwa bado wanatafuta jina. May aliwaandikia Wajapani wimbo wa “Teo Torriatte”, wenye kiitikio ambacho sehemu yake ni Kijapani, na mwaka 2011, baada ya tetemeko kubwa na tsunami, wimbo huo ulitolewa tena katika albamu ya kuchangia waathirika. Mwaka 1981 walikwenda Amerika ya Kusini. Katika uwanja wa Morumbi, São Paulo, usiku mmoja walihudhuria watu zaidi ya 130,000. Freddie alipoanza “Love of My Life”, wimbo wa taratibu wa gitaa moja, umati wa watu wasiozungumza Kiingereza uliupokea neno kwa neno. Akanyamaza, akawaacha waimbe. Sehemu hiyo ikawa yao. Hadi leo, May anapouimba peke yake na gitaa, anaanza kisha anawapisha. Na Budapest, Julai 1986, Freddie alirudisha heshima: alijiandikia kiganjani maneno ya wimbo wa kiasili wa Kihungaria, akawaimbia wenyeji kwa lugha yao, akichungulia kiganja bila kuficha, nao wakaimba naye.

Siwezi kuisimulia historia hii kwa msomaji wa Afrika nikaruka Sun City. Oktoba 1984, wakati wanamuziki duniani walikuwa wametakiwa kuisusia Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, Queen walikwenda kupiga katika hoteli hiyo ya kifahari iliyokuwa katika eneo la Bophuthatswana. Walisema wao si wanasiasa na kwamba wanapiga kwa yeyote anayetaka kuwasikia. Walichangia shule ya watoto viziwi na vipofu huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa uliwaweka kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Lilikuwa kosa, na kosa zito, kwa sababu ukumbi ule uliwafungulia wachache na kuwafungia nje wengi. Bendi iliyojenga jina kwa kumwachia kila mtu nafasi ilikuwa imeingia mahali ambapo nafasi inagawanywa kwa rangi ya ngozi. Mashabiki wengi waliumia, na wapo wasiosahau. Miaka 19 baadaye, Novemba 2003, May na Taylor walisimama katika uwanja wa Green Point, Cape Town, kwenye tamasha la 46664 lililoitishwa na Nelson Mandela kupambana na UKIMWI, mbele ya umati wa watu wa rangi zote.

Kati ya Sun City na Cape Town kuna Julai 13, 1985. Live Aid, tamasha la kuchangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Wembley ilikuwa na watu wapatao 72,000, na wengi walikwisha kununua tiketi kabla ya kusikia kwamba Queen watakuwepo. Hawakuwa watu wao. Bendi ilipewa dakika ishirini na kitu, mchana kweupe, bila taa wala moshi. Walikuwa wamezifanyia mazoezi kwa saa mkononi. Ilipofika “Radio Ga Ga”, mikono ya uwanja mzima ilipaa juu, makofi mawili, kwa mpigo mmoja, hadi viti vya mwisho. Hakuna aliyewafundisha siku ile. Walikuwa wameyaona kwenye televisheni, yakipigwa na wanachama wa klabu. Watu husifu, kwa haki kabisa, sauti ya Freddie alipoutupia umati vilio vyake vya bila maneno nao ukamrudishia kila kimoja. Mimi kila nikiitazama filamu ile huangalia ile mikono.

Agosti 9, 1986, Knebworth, Freddie alisimama jukwaani na Queen kwa mara ya mwisho. Mwaka uliofuata alijulishwa kwamba ana virusi vya UKIMWI. Alifanya kazi hadi nguvu zikaisha, kwa sehemu katika studio ya bendi mjini Montreux, Uswisi, kando ya ziwa. Novemba 23, 1991 alitoa taarifa kwa umma. Kesho yake jioni alifariki, akiwa na miaka 45. Mazishi yake yaliendeshwa na makuhani wa Zoroasta, mwili ukachomwa, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa maisha, ambaye aliyaweka mahali pa siri kama alivyoombwa. Hajawahi kupataja.

Ndipo mashabiki walipokosa pa kwenda. Kwetu tunaelewa uzito wa kuzuru kaburi: kufagia, kukaa kimya, kumwambia aliyelala yaliyo moyoni. Hapa hapakuwa na kaburi. Ilibaki nyumba ya Logan Place na ukuta wake mrefu wa matofali na mlango wa kijani. Maua ya wiki ile ya Novemba yalijaa njia nzima. Kisha zikaja barua, picha, na hatimaye kalamu. Austin, aliyeachiwa nyumba hiyo, aliishi ndani ya ukuta huo kwa miaka thelathini na zaidi huku nje watu wakiuandika. Ninamhurumia kwa hilo, maana kuishi ndani ya makumbusho ya watu wengine si jambo dogo. Lakini siwezi kuwalaumu walioandika.

Huzuni yao ilifanya kazi pia. “Bohemian Rhapsody” ulitolewa upya Desemba 1991, ukarudi kileleni, na mapato yakaenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust la kusaidia wenye UKIMWI. Aprili 20, 1992, Wembley ilijaa tena kwa tamasha la kumkumbuka, na kutokana nalo ukaundwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi leo unafadhili miradi ya UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Sehemu ya fedha za mfuko huo hutoka mifukoni mwa mashabiki, ambao kila Septemba hubandika masharubu ya bandia na kuchangisha ofisini na mashuleni.

Deacon alistaafu mwaka 1997 na hataki kuonekana. May na Taylor waliendelea, kwanza na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na ubishi wa mashabiki kuhusu uhalali wa hatua hiyo haujaisha. Filamu ya 2018 kuhusu Freddie na Queen, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, iliingiza zaidi ya dola milioni 900 na kuiletea bendi mashabiki watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya 1991. Korea Kusini majumba ya sinema yalifanya maonyesho maalumu ya watazamaji kuimba, na watu karibu milioni 10 waliitazama nchini humo. Vijana hao walijua kofi liingie wapi.

Na Unguja? Ilichelewa, na haikuwa rahisi. Mwaka 2006, mipango ya kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwa Freddie ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu kisiwani kwa sababu ya maisha yake, na sherehe ikafutwa. Watalii waliendelea kuja wakiuliza nyumba ya Freddie, na waongozaji wakawaonyesha zaidi ya moja. Novemba 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, yakiwa na picha za familia ya Bulsara: mtoto mwenye meno yaliyotokeza, amebebwa, amevishwa vizuri, katika mji uleule ambao mgeni anautazama dirishani. Wengi wanaoingia hawakuwahi kufikiria kwamba sauti waliyoizoea iliwahi kujifunza kusema mahali hapa.

Kabla ya mnada wa 2023, Sotheby's ilifungua milango bure kwa mwezi mmoja, na zaidi ya watu 140,000 wakapanga foleni kuviaga vile vitu. Mwaka uliofuata Garden Lodge yenyewe ikatangazwa kuuzwa. Maandishi ya ukutani yalikuwa yamekwisha kusafishwa.

Montreux ni tofauti. Sanamu ya Freddie imesimama ufukweni tangu 1996, mkono juu, akitazama ziwa, na maua hayakauki miguuni pake. Si mbali na hapo, ndani ya jengo la kasino, ile studio ya zamani sasa ni makumbusho ya Queen, na nje, kandokando ya mlango wake, kuta zimejaa majina, tarehe na mioyo iliyochorwa. Hapo hakuna anayewazuia kuandika.